Ugumu wa Masomo na Mlango wa Chuo Kikuu



Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, uwanja wa kanisa hugeuka kuwa mahali pa ushauri. Misa ya kwanza ikiisha, wazazi hawaharakishi kurudi nyumbani. Husimama makundi makundi, simu mkononi, wakilinganisha alama za watoto wao na kuulizana ni chuo gani kinapokea pointi ngapi.

Kati ya maswali tunayoyasikia hapo, mawili hurudi kila mwaka. La kwanza ni la mzazi ambaye kijana wake alisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia katika shule inayosifika kwa ukali wa masomo, akapata D tatu. Huuliza kwa uchungu: mwanangu alibeba mzigo mzito kuliko wenzake, je, chuo kikuu hakiuoni uzito huo? La pili ni la mzazi ambaye binti yake alisoma Historia, Kiswahili na Kiingereza katika sekondari ya Serikali huko wilayani, akapata A mbili na B moja. Huyu huuliza kwa unyonge: watu wanasema mchepuo wa binti yangu ni mwepesi, je, alama zake zitadharauliwa?

Kwa hakika wazazi hawa wawili wanauliza jambo moja, yaani ni kwa kiasi gani ugumu wa njia aliyopita mwanafunzi huhesabiwa anapobisha mlango wa chuo kikuu. Katika uchambuzi huu tunakusudia kulijibu kwanza kwa kueleza utaratibu ulivyo, kisha kwa kuutazama utaratibu huo katika mwanga wa Injili. Tunaamini kwamba hapa pana jambo linaloigusa dhamiri ya familia zetu na ya shule za Kanisa, wala si hesabu ya pointi peke yake.

Jinsi mlango unavyofunguliwa

Tuanze na yale yaliyoandikwa. Udahili wa shahada ya kwanza nchini Tanzania husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kati ya mwaka 2010 na 2017 waombaji walipangiwa vyuo kupitia mfumo mmoja wa pamoja uliokuwa chini ya Tume. Tangu mwaka 2017 kila mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni, na Tume hubaki na kazi ya kuweka vigezo, kutoa mwongozo wa udahili na kuhakiki majina ya waliochaguliwa.

Katika mwongozo huo, kila alama ya kidato cha sita ina thamani yake: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kima cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa mhitimu wa kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi zisizopungua 4, na masomo hayo yawe yale yanayohitajika katika kozi anayoiomba. Hapa wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu Baraza la Mitihani hutumia hesabu iliyo kinyume: kwake A ni 1, B ni 2, C ni 3, na kadhalika, hivyo mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Kijana wetu mwenye D tatu ana pointi 12 kwa hesabu ya Baraza, nayo ni Daraja la Pili. Kwa hesabu ya vyuo vikuu ana pointi 6. Binti mwenye A mbili na B ana pointi 4 upande mmoja, nayo ni Daraja la Kwanza, na pointi 14 upande wa pili.

Sasa jibu la swali la kwanza linaonekana. Katika utaratibu wetu, A ya Fizikia ni 5 na A ya Kiswahili ni 5. Hakuna pointi ya nyongeza kwa sababu somo ni gumu, wala kwa sababu shule ni kali, wala kwa sababu mwanafunzi aliamka saa tisa usiku kujisomea. Ugumu wa mchepuo hauongezi hata nusu ya pointi.

Lakini isidhaniwe kwamba ugumu huo haumnufaishi mwanafunzi. Faida yake huonekana katika aina ya milango anayoweza kubisha. Mwongozo unamtaka mwombaji wa Shahada ya Udaktari wa Binadamu awe amepata angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani pointi 6 kwa jumla. Binti mwenye pointi 14 za Historia, Kiswahili na Kiingereza hawezi kuomba kozi hiyo, hata angekuwa na pointi 15. Kijana mwenye pointi 6 anaweza kuiomba. Kwa upande mwingine, kozi kadhaa za sheria, utawala na biashara hupokea wahitimu wa michepuo mbalimbali, na hapo wote wawili watapimwa kwa ratili moja, na binti atatangulia mbali.

Hata hivyo, kima cha chini si ahadi. Kinamruhusu mwombaji kuingia katika ushindani, na ushindani wenyewe ni jambo jingine. Pale ambapo waombaji ni wengi kuliko nafasi, kama ilivyo katika kozi za udaktari, chuo huanza na wenye pointi za juu, na mwenye pointi 6 anaweza kubaki nje ingawa anazo sifa. Ndiyo maana tunawasihi wazazi wasiridhike kusikia kwamba mtoto ana sifa. Waulize pia nafasi ni ngapi, na waliopokelewa mwaka uliotangulia walikuwa na alama zipi.

Makosa mawili yanayotugharimu

Kutoelewa jambo hili kumezaa makosa mawili katika familia zetu.

Kosa la kwanza ni kumlazimisha mtoto kuchukua masomo ya sayansi kwa sababu ya heshima ya mchepuo wenyewe. Tumesikia wazazi wakisema kwamba mchepuo wa sayansi unafungua milango yote, basi mtoto asome sayansi tu, mengine yatajulikana mbele. Ni kweli kwamba masomo hayo yanafungua milango mingi, lakini kwa aliyeyafaulu. Aliyepata F mbili na E moja hana mlango wowote mkononi, na miaka miwili imekwenda. Taifa linahitaji madaktari, wahandisi na walimu wa hisabati, na Serikali imeonyesha uzito wa jambo hilo, kwa mfano kwa ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri sana katika sayansi. Hayo yote ni mema. Lakini hitaji la taifa haliwezi kuwa sababu ya kumpa mtoto mzigo ambao hakuumbiwa kuubeba, ili baba apate la kusema mbele ya wenzake.

Kosa la pili ni kinyume chake: kukimbia masomo magumu ili kukusanya alama nzuri, bila kujua kwamba kwa kufanya hivyo mtoto anafunga, akiwa na umri wa miaka kumi na sita au kumi na saba, milango ambayo hatarudi kuifungua kwa urahisi. Wako mabinti wenye uwezo mkubwa wa hisabati walioambiwa kwamba hesabu si za wasichana, wakageukia masomo mengine na kufaulu vizuri sana, kisha wakagundua wakiwa kidato cha sita kwamba walichokipenda tangu utoto hakiwezekani tena. Hapo aliyekosea si binti. Ni sisi tuliokaa kimya alipokuwa akichagua.

Uchaguzi huo sasa umekuwa mpana zaidi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, zikafanya jumla kuwa 65 kutoka 16 zilizokuwapo. Ziko za sayansi, za lugha, za sayansi ya jamii na za biashara, na ziko pia za michezo, za sanaa na za elimu ya dini. Ni habari njema kwa watoto ambao vipaji vyao havikuwa na mahali katika orodha ya zamani. Lakini upana wa orodha unaongeza wajibu wa kusoma. Tahasusi humfaa mtoto kwa kadiri ya kozi za chuo kikuu zinazoitambua. Mzazi anayemsaidia mtoto kuchagua tahasusi bila kwanza kufungua mwongozo wa udahili ni kama msafiri anayekata tiketi kabla ya kuuliza basi linakwenda wapi.

Wengine wanavyopima

Je, ni lazima mambo yawe hivi? Tukitazama nje ya mipaka yetu tunaona kwamba watu wamelijibu swali la ugumu kwa namna mbalimbali.

Nchini Uganda, kwa miaka mingi vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikipima masomo kulingana na kozi inayoombwa. Masomo ya lazima katika kozi huzidishwa mara 3, yanayohusiana nayo kwa karibu mara 2, na yanayofaa tu mara 1. Hivyo A ya Baiolojia ina uzito mkubwa kwa anayeomba udaktari kuliko kwa anayeomba sheria. Aidha, tangu mwaka 1990 wasichana wamekuwa wakiongezewa pointi 1.5, kwa kutambua kwamba njia yao kuelekea chuo ilikuwa na vikwazo ambavyo wavulana hawakuvikuta. Nchini Kenya, mhitimu wa kidato cha nne huhitaji wastani wa C+ ili kustahili shahada, kisha hupangwa kwa kulinganisha masomo manne yanayohusika na kozi aliyoichagua. Nao wamo katika mabadiliko: kundi la kwanza la mtaala mpya limeingia sekondari ya juu mwaka 2026, likiwa limegawanywa katika njia tatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo.

Mbali zaidi, nchini Marekani, utaratibu ni tofauti kabisa. Huko hakuna mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari. Vyuo vyenye ushindani mkubwa huisoma rekodi nzima ya mwanafunzi, na moja ya mambo vinavyoyatazama kwanza ni ukali wa masomo aliyoyachagua. Shule nyingi hutoa masomo ya ngazi ya juu kuliko ya kawaida. Mpango wa AP, ulioanza mwaka 1955, humwezesha mwanafunzi wa sekondari kusoma somo kwa kiwango cha chuo na kufanya mtihani unaopimwa kwa alama 1 hadi 5. Upo pia mpango wa IB, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968, ambao unapatikana hata katika baadhi ya shule za kimataifa hapa kwetu. Mwanafunzi wake husoma masomo sita, na alama zake za juu kabisa ni 45. Wazazi wachache wanaowasomesha watoto katika mipango ya kimataifa wakumbuke kwamba, wakitaka vyuo vya nyumbani, vyeti hivyo hupelekwa kwanza Baraza la Mitihani ili vipatiwe ulinganifu.

Katika utaratibu huo wa Marekani kuna jambo dogo ambalo limetufikirisha. Mshauri wa shule anapojaza fomu ya mwanafunzi, huulizwa kama masomo aliyoyachukua yalikuwa magumu ikilinganishwa na yale ambayo shule hiyo inayo. Mwanafunzi wa shule yenye masomo ishirini ya ngazi ya juu aliyechukua mawili hatazamwi sawa na mwanafunzi wa shule ya kijijini yenye mawili tu, aliyechukua yote mawili. Kwa maneno mengine, kabla ya kuuliza amefika wapi, wanauliza alianzia wapi na alipewa nini njiani.

Hatusemi hili ili kuusifu utaratibu wa wengine kupita kiasi. Nao una hila zake. Familia tajiri hununua nyumba karibu na shule zenye masomo mengi ya aina hiyo, na wako vijana wanaorundika masomo magumu kwa ajili ya fomu ya maombi tu, wakakosa usingizi na furaha ya kujifunza. Hesabu yetu ya pointi ina fadhila moja kubwa: haimjui mtoto wa mkubwa wala wa mdogo, na haipokei barua ya kujuana. Lakini fadhila hiyo ndiyo pia upungufu wake, kwa kuwa haimjui mtu yeyote. Mbele yake, D iliyopatikana katika shule yenye maabara kamili na walimu watatu wa Fizikia, na D iliyopatikana katika shule ambayo mwalimu wa Fizikia alihama mwezi wa tatu asipate mrithi, ni D zilezile.

Mizani ya mfano wa talanta

Waamini wengi wanaujua mfano wa talanta katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo. Mara nyingi tunauhubiri kwa kumtazama yule wa tatu aliyefukia talanta yake, na tunawatumia wanafunzi kama onyo dhidi ya uvivu. Lakini tuwatazame pia wale wawili wa kwanza. Mmoja alipewa tano akaleta tano zaidi. Mwingine alipewa mbili akaleta mbili zaidi. Kwa hesabu ya sokoni, wa kwanza ana kumi na wa pili ana nne, na pengo lao ni kubwa. Hata hivyo Bwana wao anawapa sifa ileile, kwa maneno yaleyale, na kuwakaribisha katika furaha ileile. Bwana hakusahau kwamba wa pili alipewa mbili.

Tena Injili inasema kwamba kila mmoja alipewa kwa kadiri ya uwezo wake. Mgawanyo haukuwa sawa, na mwenye mbili hakuambiwa ajifanye mwenye tano. Hapa mzazi anayemlazimisha mtoto kubeba mchepuo usio wake, na mtoto anayekimbia mchepuo anaouweza kwa kuogopa jasho, wote wawili wanapata la kutafakari. Mmoja anadai talanta ambayo haikutolewa. Mwingine anafukia iliyotolewa.

Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lao kuhusu elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, walifundisha kwamba kila binadamu, wa asili yoyote na hali yoyote, ana haki ya elimu inayolingana na vipaji vyake. Miaka sitini baadaye, tarehe 28 Oktoba 2025, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alitoa barua ya kitume kuhusu elimu, inayozungumzia kuchora ramani mpya za matumaini. Humo anatukumbusha kwamba mwanafunzi hawezi kupunguzwa akawa orodha ya ujuzi au hesabu inayotabiriwa na mashine, kwa kuwa yeye ni mtu mwenye sura, historia na wito. Tunayasoma mafundisho hayo siku zilezile ambazo vijana wetu wanakaa mbele ya kompyuta za mtaani wakisubiri mfumo uwaambie kama wamechaguliwa au la.

Tuseme ukweli kuhusu shule zetu

Hapa hatuna budi kugeuza kidole kutuelekea sisi wenyewe. Ni rahisi kuulaumu mfumo wa udahili kwamba haumtazami mtu. Ni vigumu zaidi kuuliza kama shule zinazobeba majina ya watakatifu zinamtazama.

Tunamfahamu mama mmoja wa jumuiya ndogondogo ambaye kijana wake aliambiwa atafute shule nyingine, ikiwa imebaki miezi michache kabla ya usajili wa mtihani wa taifa. Hakuiba, hakupigana, hakutoroka bwenini. Wastani wake ulikuwa chini ya ule uliowekwa na shule kwa alama chache. Mama alikuwa amekwisha kulipa ada kwa kuuza mahindi na mbuzi. Alirudi na sanduku la mwanawe juu ya pikipiki, na Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma kanisani, kana kwamba yeye ndiye aliyetenda dhambi.

Mchujo wa namna hiyo una sababu yake. Shule huogopa kwamba alama za chini zitashusha wastani, wastani ukishuka wazazi watahama, na wazazi wakihama mishahara ya walimu itakosekana. Hofu hiyo si ya kubeza. Kuendesha shule bila ruzuku ni kazi ngumu, na masista, mapadre na walimu walei wanaoifanya wanastahili shukrani zetu. Lakini matokeo yanayopatikana kwa kuwatoa wanyonge hayaonyeshi ubora wa ufundishaji. Yanaonyesha ubora wa uchaguzi. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, kwa maelezo kwamba utangazaji huo uligeuka kuwa biashara ya kuzipigia shule debe. Wako waliosikitika. Sisi tunaona kwamba uamuzi huo uliziondolea shule zetu kishawishi kikubwa, na ni aibu ikiwa bado tunachuja kana kwamba orodha ile ingalipo.

Wala sisi waamini hatuna mikono safi. Ni sisi tunaouliza kwanza shule imetoa Daraja la Kwanza ngapi, kabla ya kuuliza inamfanya nini mtoto anayeshindwa. Shule inajibu swali tunaloiuliza. Tamko lile la Mtaguso liliomba shule za Kikatoliki ziwajali hasa walio maskini wa mali, waliokosa msaada na upendo wa familia, na walio nje ya imani. Halikuziomba zijivunie wastani.

Hatudai kwamba shule zetu zilegeze masomo. Ukali wa masomo ni zawadi. Wahitimu wengi wa seminari ndogo na wa shule za masista watakuambia kwamba ratiba ile ya sala, usafi, kimya na masomo ndiyo iliyowajenga, na vyuo vikuu viliwapokea kwa alama walizozipata kwa jasho hilo. Tunachodai ni kwamba ukali uwe wa kumwinua mtoto aliyekwisha kupokelewa. Daktari mkali kwa ugonjwa tunampenda. Anayewafukuza wagonjwa mahututi ili hospitali isiwe na vifo hatumwiti daktari.

Nini kifanyike

Kwa wanafunzi wa kidato cha nne tunasema: chagueni tahasusi kwa kuanzia mwisho. Fungueni mwongozo wa udahili, tafuteni kozi tatu mnazozipenda, mwone masomo zinayoyadai, kisha mjiulize kwa unyofu kama alama zenu za sasa zinaonyesha kwamba mnayaweza. Mkiyaweza, msiyakimbie kwa sababu ni magumu. Msipoyaweza, hamjapungukiwa ubinadamu.

Kwa wazazi tunasema: mjue kwamba mlango si mmoja. Anayepitia chuo cha kati na kupata stashahada yenye wastani usiopungua 3.0 anaweza kustahili shahada, kulingana na masharti ya kozi husika, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi kwa ambao pointi zao za kidato cha sita hazikutosha. Wauguzi na mafundi sanifu wengi waliingia chuo kikuu kwa njia hiyo ndefu, wakiwa wamekwisha kujua kazi. Msiwaonyeshe watoto uso wa msiba kwa sababu wamepita njia ambayo jirani hakupita.

Kwa shule za Kanisa tunasema: mwekeni utaratibu wa kumsaidia aliye chini ya wastani mapema, tangu muhula wa kwanza, na mzazi ashirikishwe. Asiyefaa kwa mchepuo fulani abadilishiwe akiwa bado na muda, kwa ushauri na kwa heshima, asije akatolewa mlangoni mwaka wa mtihani.

Kwa parokia tunatoa ombi moja linalowezekana. Katika kipindi cha udahili, na tena wanafunzi wa kidato cha nne wanapochagua tahasusi, itengwe Jumapili moja ambapo walimu, wahitimu na wanafunzi wa vyuo vikuu walio waamini wakae na wazazi baada ya Misa, mwongozo ukiwa mezani na kompyuta moja ikiwa imewashwa. Watoto wa walimu na wa maofisa hupata ushauri huo nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Mtoto wa mkulima hupewa na nani, kama si familia ya Mungu?

Mtahiniwa aliyeshindwa

Tarehe 1 Novemba 2025 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alimtangaza Mtakatifu John Henry Newman kuwa Mwalimu wa Kanisa, na kumweka kuwa msimamizi wa elimu pamoja na Mtakatifu Thoma wa Akwino. Wengi wanamjua kama Kardinali, mwandishi na mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki huko Dublin mwaka 1854. Wachache wanajua kwamba mwaka 1820, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa huko Oxford, alijisomesha kupita kiasi hadi akachoka mwili na akili, akafanya vibaya katika mtihani wake wa mwisho, na jina lake likatokea karibu na mkia wa orodha. Miaka miwili baadaye aliomba nafasi katika chuo cha Oriel, palepale Oxford. Chuo hicho kilikuwa na mtihani wake chenyewe, nacho kilijali jinsi mtu anavyofikiri na kuandika kuliko daraja alilopata. Kilimchagua mwaka 1822.

Hatujui ni kina nani katika vijana wetu wa mwaka huu watakaokutana na mlango wa namna hiyo. Lakini kijana mwenye D tatu na binti mwenye A mbili na B wanapaswa kuukuta kwanza nyumbani na parokiani. Kijana aambiwe kwamba chuo hakitauhesabu uzito wa mzigo wake, ila sisi tuliuona, na tutakaa naye kutafuta kozi ya afya inayompokea. Binti aambiwe kwamba pointi zake 14 ni 14 kamili, hakuna atakayezipunguza, na aombe kwa ujasiri.

Mtakatifu John Henry Newman, utuombee.